Je, Wajua? Boti ya kuvulia samaki iliwinda nyambizi

Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwandishi Ernest Hemingway aliigeuza boti yake ya uvuvi, Pilar, kuwa boti ya doria katika bahari ya Cuba. Ilikuwa na urefu wa futi 38 tu. Mabaharia wake walijifanya wavuvi. Nyambizi ya Wajerumani ikiibuka kudai samaki na maji, wangeisogelea na kutupa maguruneti ndani kupitia mlango wake wa juu. Hawakuzamisha hata moja.

● Hemingway aliagiza Pilar mwaka 1934, mara tu aliporejea Marekani kutoka kuwinda Tanganyika na Kenya. Simba kwanza, nyambizi baadaye!

● Mwaka huohuo wa 1942, mashua za starehe za matajiri wa Marekani zilitumwa kulinda pwani ya Atlantiki. Nyingi zilikuwa za tanga, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha yao: tanga halina mngurumo, basi nyambizi haikuzisikia zikija. Watu waliziita kwa utani Jeshi la Majini la Wahuni.

● Mtindo huo ulianza zamani. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, jeshi la majini lilichukua mamia ya boti za watu binafsi. Boti ya kutembelea jana, leo ina mzinga mdogo sitahani, na ubavuni herufi SP na namba. Vita vilipokwisha, nyingi zilirudishwa kwa wenyewe.