Liemba: Grisi iliyookoa mashine, somo kwa wenye injini Nassa

PAMPU ya kumwagilia au injini ya mtumbwi ikiachwa msimu mzima bila matunzo huliwa na kutu. Kwa wakulima na wavuvi wa Nassa, wilayani Busega, kando ya Ziwa Victoria, hiyo ni hasara ya mtaji. Somo la kuikwepa lipo Kigoma, katika meli ya Liemba.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Iliingizwa majini Februari 1915.

Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya hapo mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, miaka karibu minane tangu izamishwe, mashine zilikutwa bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ilianza kazi kwa jina la Liemba.

Mashine hizo za mvuke ziliendelea kutumika hadi miaka ya 1970, zilipoondolewa na kufungwa injini za dizeli. Meli ilikarabatiwa tena mwaka 1993. Bodi la meli ni lile lile la 1913, lakini mashine za awali hazimo tena.

Faida yake waliiona wafanyabiashara. Kwa miaka mingi Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikibeba abiria, dagaa na mazao. Vijiji vingi havina gati, hivyo mitumbwi iliifuata meli katikati ya maji kupakia na kupakua. Meli ikisimama, mwenye mzigo hukosa soko.

Mwenye injini ndogo anaweza kufuata njia hiyo hiyo. Kabla ya kuihifadhi, amwage maji yote yaliyobaki kwenye pampu. Injini ya petroli iondolewe mafuta kwenye tangi na kabureta. Tangi la dizeli lijazwe ili unyevu usipate nafasi. Oili chafu ibadilishwe, kwa kuwa ina asidi inayokula vyuma. Injini ya petroli itiwe oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha izungushwe kwa mkono. Vyuma vilivyo wazi vipakwe grisi na mashine ifunikwe mahali pakavu.

Jambo la pili ni vipuri. Kabla ya kununua injini ya zamani, mnunuzi aulize kwanza kama vipuri vyake vinapatikana Mwanza na kama fundi wa kuifungua yupo. Kama havipo, bei rahisi itamgharimu baadaye.

La tatu ni akiba. Kila safari au kila mavuno, fedha kidogo zitengwe kwa ajili ya matengenezo, na tarehe ya kubadilisha oili iandikwe daftarini. Kopo la grisi ni rahisi kuliko injini mpya.