Glavu Zinapokutana na Viyeyushi

Katika maabara ndogo ya kituo cha afya, iwe upande wa Kumsenga au kwingineko katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, glavu nyembamba zilizovaliwa kumtoa mgonjwa damu ndizo mara nyingi hushika chupa ya methanoli wakati slaidi ya malaria inapokaushwa na kuimarishwa. Anayezivaa huamini kuwa kinachozuia damu huzuia na methanoli. Sivyo.

Kiwandani glavu ya tiba hupimwa vitundu: hujazwa lita 1 ya maji, ikaning'inizwa kwa dakika 2, na ikivuja hukataliwa. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu viyeyushi. Kiyeyushi hakihitaji kitundu. Molekuli zake huzama ndani ya mpira wenyewe, huusafiri, kisha hutokea upande wa ngozi, huku glavu ikionekana nzima.

Kwa hiyo wapimaji huweka kipande cha glavu kati ya vyumba viwili, kimoja chenye kemikali, kingine chenye hewa au kimiminika kinachochunguzwa. Muda wa kupenya huhesabiwa hadi kasi ifikie mikrogramu 1 kwa sentimita ya mraba kwa dakika. Kwa mujibu wa kiwango cha ISO 374, herufi A iliyochapwa chini ya alama ya chupa huwakilisha methanoli, na B asetoni. Glavu isiyo na alama hiyo haijathibitishwa kwa kiwango hicho dhidi ya kemikali yoyote, hata kama pakiti inasifu ubora wake.

Ipo pia njia nyepesi: kikombe chenye kiyeyushi hufunikwa kwa kipande cha glavu, hupinduliwa, kisha hupimwa uzito mara kwa mara. Uzito unaopungua ni kile kilichopita. Hata hivyo matokeo ya maabara, yanayopatikana kwenye nyuzi 23 za sentigredi, huwa ya matumaini kupita kiasi. Mkononi mpira una joto zaidi na umenyooshwa, na vyote viwili huharakisha upenyo.

Gharama ya kutojua ilionekana Marekani. Agosti 1996, mkemia Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth alidondokewa na matone ya dimethilizebaki juu ya glavu ya mpira asilia. Alifariki Juni 1997. Majaribio ya baadaye yalionyesha kemikali hiyo hupenya glavu za aina hiyo chini ya sekunde 15.

Methanoli si sumu ya kiwango hicho, ila tone likidondoka glavu huvuliwa papo hapo, mikono hunawishwa kwa sabuni, jozi mpya huvaliwa. Kwa kazi ndefu na asetoni, mpira mnene wa butili huizuia kwa saa nyingi. Zailini, ambayo pia huyeyushia baadhi ya dawa za wadudu za mashambani, huupenya haraka.