Mwanafizikia aliyepeleka ndoto zake kwa daktari

JE, msomaji, ndoto zako wewe huzifanyia nini? Wengi wetu huzisahau hata kabla ya chai ya asubuhi kuchemka. Wengine huzisimulia mezani, watoto wakacheka, nyanya akanyamaza akitafakari. Lakini ukiambiwa kwamba mmoja wa wanafizikia wakubwa wa karne ya 20 aliandika ndoto zake zaidi ya elfu moja na kuzipeleka kwa wataalamu wa akili, utasadiki?

Amini usiamini, ndivyo ilivyokuwa. Mwanasayansi huyo ni Wolfgang Pauli, na daktari ni Carl Jung wa Uswisi. Kisa chao kina mafunzo kwa mwanafunzi anayeambiwa kwamba hesabu na hadithi haziketi pamoja, na kwa mzazi mwenye mtoto hodari darasani ambaye siku hizi hacheki nyumbani.

Kiti kimoja, abiria mmoja

Pauli alizaliwa Vienna, Austria, mwaka wa 1900. Alipata shahada ya udaktari mjini Munich akiwa na umri wa miaka 21. Muda mfupi baadaye lilichapishwa andiko lake la kurasa zaidi ya 200 kuhusu nadharia ya uhusianifu, na Albert Einstein, mwenye nadharia hiyo, akalisifu.

Mwaka wa 1925 Pauli alitoa kanuni inayofundishwa hadi leo. Alisema kwamba ndani ya atomu, elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali ile ile moja. Fikiria matatu ambayo utingo wake anafuata sheria barabara: kiti kimoja, abiria mmoja. Aliyechelewa atafute kiti kingine nyuma, hata kama hakipendi. Kwa kuwa elektroni hujipanga hivyo, ndiyo maana chuma si dhahabu na chumvi si sukari. Kanuni hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945.

Lakini akili ni nywele, na moyo nao una mambo yake. Novemba 1927 mama yake alijitoa uhai. Mwaka uliofuata Pauli alipata kazi ya uprofesa mjini Zürich, Uswisi. Desemba 1929 alioa mcheza dansi, na kabla ya mwaka kwisha ndoa ikavunjika. Mchana alikuwa profesa wa kuogopwa, ambaye wenzake walimwita dhamiri ya fizikia kwa jinsi alivyopasua makosa yao bila huruma. Usiku alikuwa mtu wa baa, pombe na ugomvi.

La ajabu ni kwamba wazo lake la kijasiri zaidi lilizaliwa katika majira hayo hayo. Wanasayansi walikuwa wameona kwamba atomu za aina fulani zinapotoa miali, sehemu ya nishati haionekani ilikokwenda. Tarehe 4 Desemba 1930, siku chache tu baada ya talaka, Pauli aliandika barua akipendekeza kwamba iko chembe ndogo isiyo na chaji inayotoroka na nishati hiyo. Tunaiita nyutrino. Ilithibitishwa kwa majaribio mwaka wa 1956, miaka 26 baadaye.

Baba atoa shauri

Aliyeona kwamba kijana anaangamia alikuwa babake mzazi, naye mwalimu wa kemia katika chuo kikuu. Alimshauri aende kwa Jung, ambaye aliishi karibu na Zürich. Pauli akameza kiburi, akaenda, mapema mwaka wa 1932.

Huyu Jung hakuwa mgeni katika nchi yetu. Mwishoni mwa mwaka wa 1925 alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi hadi Nairobi, kisha akaenda mpaka miteremko ya Mlima Elgon. Huko aliketi na wenyeji akiwauliza kuhusu ndoto zao, kwa Kiswahili cha kubahatisha na kamusi ndogo mkononi. Baadaye alisimulia kwamba mzee mmoja alimjibu kwa huzuni kuwa tangu Waingereza waje ndoto kubwa zimekwisha, kwani sasa Bwana DC ndiye anayejua kila kitu.

Jung aliamini kwamba chini ya mawazo ya kila mtu zipo picha za kale zinazofanana kwa wanadamu wote: mama, mzee mwenye hekima, duara, safari. Picha hizo, alisema, huibuka katika ndoto, dini na hadithi. Alipomwona Pauli alitambua kwamba amepata hazina. Ili asiziharibu ndoto zake kwa maoni yake mwenyewe, kwanza alimkabidhi kwa mwanafunzi wake, daktari Erna Rosenbaum. Baada ya miezi kadhaa akamchukua mwenyewe.

Jung alitumia ndoto kama 400 za Pauli katika utafiti wake, na baadhi yake zilitokea katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1944, bila kumtaja mwenyewe. Wasomaji walijua tu kwamba mwotaji ni mtu wa sayansi. Naye Pauli alitulia. Mwaka wa 1934 alimwoa Franca Bertram, wakaishi pamoja hadi mauti.

Marafiki wa barua

Matibabu yalikwisha, lakini mazungumzo hayakukoma. Walibadilishana barua hadi mwaka wa 1957, na mwaka wa 1952 walitoa kitabu kimoja. Jung aliandika kuhusu matukio yanayokutana kwa maana ingawa hakuna lililosababisha jingine, kwa mfano kumwota mtu na asubuhi akabisha hodi. Pauli aliandika kuhusu Johannes Kepler, mwanafalaki wa karne ya 17, akionyesha kwamba picha ya Utatu Mtakatifu aliyokuwa nayo kichwani ilimwongoza kulitazama jua na sayari.

Hapa, msomaji, tusidanganyane. Kanuni ya Pauli na nyutrino zimepimwa katika maabara. Wazo la Jung kuhusu matukio ya kukutana halijapita mtihani kama huo, na wanasayansi wengi hawalikubali. Mtu huwaota wengi ambao hawabishi hodi, ila hao hatuwahesabu. Mwanafunzi anayetaka kuwa mtafiti na ajifunze kupambanua: wazo tamu ni jambo moja, wazo lililothibitishwa ni jingine.

Riwaya yaipa fizikia jina

Na fasihi je? Zürich hiyo hiyo ndipo James Joyce, mwandishi kutoka Ireland, alipoandika sehemu kubwa ya riwaya yake Ulysses wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Jung aliichambua riwaya hiyo mwaka wa 1932, na mwaka wa 1934 Joyce alimpelekea binti yake, Lucia, aliyekuwa mgonjwa wa akili. Safari hii daktari hakufua dafu. Si kila mgonjwa hupona kama Pauli.

Joyce alitoa riwaya nyingine, Finnegans Wake, mwaka wa 1939. Miaka 25 baadaye Murray Gell-Mann, mwanafizikia wa Marekani, alipohitaji jina la chembe zinazounda protoni, alichukua neno kutoka riwaya hiyo: kwaki. Mwaka wa 1932 nao, wanafizikia vijana mjini Copenhagen waliigiza mchezo wa kuchekesha uliofuata Faust ya Goethe. Niels Bohr alifanywa Mungu, Pauli akafanywa shetani, na nyutrino ikawa msichana wa kupendwa. Hawakuona aibu kwamba wao ni watu wa hesabu.

Mtoto wako je?

Tangu Januari 2026, wanafunzi wetu wanaoingia sekondari ya juu huchagua njia moja kati ya tatu: ya sayansi, teknolojia na hesabu, ya sayansi za jamii, au ya sanaa na michezo. Kuchagua si vibaya, maana mshika mawili moja humponyoka. Lakini njia si ukuta. Aliyechagua fizikia asinyang'anywe riwaya, na aliyechagua fasihi asichekwe akiuliza nyota zinawaka kwa nini.

La mwisho ni lako, mzazi. Alama nzuri si cheti cha afya. Pauli alikuwa na sifa zote ambazo mzazi angemwombea mwanawe, na bado alikuwa anazama. Kilichomwokoa kwanza hakikuwa fomula wala ndoto. Ni baba aliyetazama, akaona, akasema: mwanangu, nenda kamwone daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Leo jioni, vyombo vikishaoshwa, muulize kijana wako hali yake. Usianze na matokeo ya mtihani.