Tembo Wasio na Pembe: Somo la Urithi kwa Darasa la Katavi

Mtu atokaye Mpanda mjini kuelekea kusini hufika Sitalike, mahali ambapo barabara huuvuka mto Katuma na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Wakati wa kiangazi, hasa miezi ya Septemba na Oktoba, mto huo husinyaa ukabaki madimbwi ya tope ambamo viboko hubanana kwa wingi. Tembo nao hushuka huko kutafuta maji. Maji yasipoonekana, tembo huweza kuchimba kwa miguu, kwa mkonga na kwa pembe hata yatokeze.

Hapo hatuna budi kulisahihisha kidogo neno letu la Kiswahili. Kile tuitacho pembe ya tembo si pembe kama ya nyati au ya ng'ombe. Ni jino la mbele la taya la juu, lililorefuka likatoka nje ya kinywa. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Kwa ajili ya meno hayo, tembo wamewindwa kwa muda mrefu sana. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilikuwa ikitoka Ziwa Tanganyika kwenda Tabora na hatimaye pwani. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa mkali hata Serikali ikaanzisha Operesheni Uhai mwaka 1989. Kisha ukazuka tena: hesabu ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka wapatao 109,000 mwaka 2009 hadi wapatao 43,000 mwaka 2014. Je, mauaji ya namna hiyo huacha alama gani katika urithi wa wale waliosalia?

Mwalimu akiwauliza wanafunzi kwa nini siku hizi baadhi ya tembo hawana pembe, aghalabu atajibiwa kwamba wameacha kuziotesha ili wasiuawe. Jibu hili lapendeza kwa sababu lampa mnyama hekima, lakini ni kosa. Hakuna tembo awezaye kuamua meno yake yaote au yasiote. Hebu tufikirie tembo jike 100, na kati yao wanne wamezaliwa bila pembe. Majangili wakiwaua 72, wote wenye pembe, watabaki 24 wenye pembe na wale wale wanne. Kwanza wasio na pembe walikuwa mmoja katika kila 25. Sasa ni mmoja katika kila saba. Hakuna mnyama hata mmoja aliyebadilika. Kilichobadilika ni nani atakayezaa. Huo ndio uteuzi, na hapa mteuzi ni bunduki.

Mfano uliochunguzwa kwa makini zaidi umetoka kwa jirani zetu wa Msumbiji. Katika Hifadhi ya Gorongosa, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1977 hadi 1992, zaidi ya asilimia 90 ya tembo waliangamia. Kabla ya vita, majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5, baada ya vita, miongoni mwa majike walionusurika, walikuwa karibu asilimia 51. Kati ya majike waliozaliwa baadaye, risasi zilipokwisha kunyamaza, asilimia 33 hawakuwa na pembe. Kwa hiyo sifa hiyo ilirithiwa.

Lakini kwa nini majike tu? Madume wasio na pembe hawakuonekana kabisa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza kwamba sifa hiyo yaelekea kukaa katika kromosomu X. Jike ana X mbili. Akiwa na moja yenye jeni iliyobadilika, hukosa pembe lakini huishi vizuri. Dume ana X moja tu, na akirithi ile yenye kasoro hufa kabla ya kuzaliwa. Jeni mojawapo iliyoshukiwa ni ile inayohusika na kutengeneza enameli, yaani tabaka gumu la jino. (Ndiyo maana tulianza kwa kusema kwamba pembe ni jino.)

Basi kinga hii ina gharama kubwa. Sifa ile ile inayomwokoa mama na jangili huua nusu ya watoto wake wa kiume. Tena pembe ni chombo cha kazi: tembo huzitumia kuchimba, kubandua magamba ya miti na kujitetea. Katika nchi yenye kiangazi kirefu kama Katavi, kukosa chombo hicho si jambo dogo.

Nasi hapa nchini hatuko mbali na habari hizi. Katika Ruaha, uchunguzi ulionyesha kwamba majike wenye umri wa zaidi ya miaka 25, yaani walionusurika katika ujangili wa zamani, asilimia 35 hawakuwa na pembe. Kati ya majike wote waliozidi miaka mitano walikuwa asilimia 21.

Jambo hili laweza kufanyiwa jaribio darasani bila gharama. Chukua vyombo viwili. Katika chombo cha mama tia punje moja ya mahindi (X nzima) na haragwe moja (X isiyo na pembe). Katika chombo cha baba tia punje moja ya mahindi na karanga moja iwe Y. Kila mwanafunzi achukue mbegu moja kutoka kila chombo bila kutazama, aandike alichopata, kisha azirudishe. Haragwe pamoja na karanga ni dume aliyekufa, afutwe. Baada ya mara 100 hivi, darasa litaona kwamba kwa kila dume mmoja aliye hai wapo majike karibu wawili, na mmoja kati ya hao wawili hana pembe.

Kisha mwalimu awaache wapige hesabu ya Gorongosa wenyewe. Ikiwa nusu ya akina mama hawana pembe, na nusu ya mabinti wa hao hurithi hali hiyo, jibu ni robo, yaani asilimia 25. Mbona kwa tembo halisi ilikuwa 33? Je, ni bahati, kwa kuwa waliosalia walikuwa wachache? Je, akina mama wasio na pembe walizaa zaidi? Au ipo jeni nyingine, katika kromosomu nyingine, inayosaidiana na ile ya kwanza? Wanafunzi wapewe muda wa kulijadili kabla kengele haijalia.