Zahanati Ijengwe Wapi? Vipimo vya Umbali katika Mitandao

Tuseme vijiji saba vimepata fedha za kujenga zahanati moja tu. Kila anayesimama mkutanoni anasema, "Ijengwe katikati." Hakuna anayepinga, kwa kuwa neno hilo lina sura ya haki. Ugomvi huanza pale mmoja anapouliza: katikati ni wapi? Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji kwamba swali hilo lina majibu mawili, yote sahihi kwa hesabu.

Chukua daftari, uchore nukta saba, uziite A, B, C, D, E, F na G. Unganisha A na D, B na D, C na D. Kisha D na E, E na F, F na G. Kila nukta ni kijiji, na kila mstari ni barabara ya kilomita 5. Mchoro wa namna hii wanahisabati huuita grafu, nao usichanganywe na grafu ya x na y tuliyoizoea darasani. Hapa si kitu mstari ukipinda au ukinyooka. La maana ni nukta ipi imeunganishwa na ipi. Umbali baina ya nukta mbili ni idadi ya mistari iliyomo katika njia fupi kuliko zote. Basi umbali wa A hadi B ni 2, na wa A hadi G ni 4.

Kipimo cha kwanza humwangalia aliye mbali kuliko wote. Kwa kila kijiji, tafuta umbali wa kufika kijiji kilicho mbali nacho zaidi. Kwa A, B, C na G umbali huo ni 4. Kwa D na F ni 3. Kwa E ni 2. Kijiji chenye umbali mdogo kabisa, yaani E, ndicho kitovu cha grafu. Umbali huo mdogo huitwa nusu kipenyo, na ule mkubwa kabisa, yaani 4, huitwa kipenyo. Majina haya yameazimwa kutoka kwenye duara, lakini tahadhari: katika grafu kipenyo si lazima kiwe mara mbili ya nusu kipenyo. Nukta tatu zilizounganishwa kama pembetatu zina kipenyo 1 na nusu kipenyo 1.

Mwaka 1869 Mfaransa Camille Jordan alionyesha kwamba grafu isiyo na njia ya mzunguko, ambayo huitwa mti, huwa na kitovu kimoja, au viwili vinavyopakana. Njia ya kukipata ni nyepesi. Futa kwa pamoja nukta zote zenye mstari mmoja tu, kisha rudia mpaka ibaki nukta moja au mbili. Katika mchoro wetu A, B, C na G hufutika kwanza, halafu D na F, na E hubaki peke yake.

Kipimo cha pili huwaangalia wote kwa jumla. Jumlisha umbali kutoka kila kijiji hadi mahali pa zahanati. Zahanati ikiwa E, jumla ni 10. Ikiwa D, jumla ni 9. Hakuna kijiji kingine chenye jumla ndogo kuliko 9. Kwa kipimo hiki, basi, katikati ni D. Zahanati ikijengwa D, vijiji vyote kwa pamoja hutembea kilomita 45 badala ya 50. Lakini mama mjamzito wa kijiji G, anayeshikwa na uchungu usiku, atasafiri kilomita 15 badala ya 10.

Kipimo kipi ni bora? Tutazame kwanza elimu ya kemia, ambako jumla ya umbali imeleta manufaa makubwa. Pentani ina atomu 5 za kaboni, nazo zaweza kupangika kwa namna tatu: mstari mmoja, mstari wenye tawi moja, au msalaba. Atomu ni zilezile na uzito ni uleule, lakini vimiminika hivyo huchemka kwenye nyuzi za Sentigredi zipatazo 36, 28 na 10. Mwaka 1947 Mmarekani Harold Wiener alijumlisha umbali wa kila jozi ya atomu za kaboni. Ukihesabu utapata 20, 18 na 16. Jumla ikipungua, joto la kuchemka nalo hupungua. Hata hivyo, jumla hupungua kwa 2 kila mara, ilhali joto hupungua kwa nyuzi 8, kisha 18. Kwa hiyo Wiener aliongeza kipimo cha pili: idadi ya jozi zilizo umbali wa 3. Nazo ni 2, 2 na 0.

Katika maumbile, hakimu ni kipimajoto: kipimo kisichoafikiana nacho hurekebishwa. Kwa vijiji vyetu hakuna kipimajoto cha kuamua kama tupunguze safari za wengi au tumwokoe aliye pembeni. Hesabu hutuonyesha gharama ya kila uamuzi. Uamuzi wenyewe ni wa watu, nao wapaswa kuufanya macho yakiwa wazi.

Mwalimu awape wanafunzi zoezi hili. Kijiji G kina watu mara tatu ya kila kijiji kingine, hivyo umbali wake uzidishwe kwa 3. Je, D bado ina jumla ndogo kabisa? Watakuta D ina 15 na E ina 14. Safari hii vipimo vyote viwili vinakubaliana.