Je, Wajua? Stepla ya Betri na Chanja za Dagaa
Stepla ya betri hupiga pini bila fundi kubana mpini kwa nguvu. Katika aina nyingi, mota hukandamiza springi; ikiachiwa, husukuma nyundo ndogo inayozamisha pini kwenye mbao kwa pigo moja. Katika mialo ya Kigoma, kama Katonga na Kibirizi, chombo hiki kinafaa sana kutengenezea chanja za dagaa, kwani wavu uliokazwa vizuri juu ya fremu huwaepusha dagaa na mchanga unaowaganda wakianikwa chini, na kazi hufanyika ufukweni, mbali na soketi. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu. Pini ikikwama, betri hutolewa kwanza, ndipo mdomo wa stepla ufunguliwe.