Bustani ya Mboga Nyumbani Kandokando ya Ziwa Viktoria: Maji Yatoke Wapi?

Wakazi wengi wa Mwanza wanaishi juu ya mawe. Katika vilima vya Mabatini na Igogo nyumba zimejengwa katikati ya miamba, na udongo uliopo ni haba, wa kichanga, usioshika maji. Kwa hiyo mgonjwa anayeshauriwa kliniki kula mboga za majani huuliza, na ana haki ya kuuliza, atazipanda wapi.

Gunia moja latosha kwa kuanzia. Hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na katikati huwekwa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji. Miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Mchicha humfaa zaidi anayeanza, kwa kuwa huvunwa baada ya wiki tatu au nne hivi. Mbegu zake ni ndogo mno, basi zichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kusia. Matembele ni mepesi zaidi, kwani huota kwa kipande cha shina.

Mazao hayo yote yataka maji, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, na hapo ndipo afya ya mkulima inapoingia hatarini. Mwambao wa ziwa una kichocho cha matumbo. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa jamii ya Biomphalaria wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hutoka kwa wingi mchana wa jua kali. Anayejaza ndoo akiwa ameloa hadi magotini anaweza kuambukizwa hata kama hakunywa tone.

Maji ya bomba, ya kisima au ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ni salama zaidi kwa upande huu. Asiye na budi kutumia maji ya ziwa avae mabuti ya mpira, asiingie majini pasipo lazima, na ayaache maji siku mbili katika pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, kabla ya kuyagusa. Vimelea hivyo haviishi muda mrefu nje ya konokono. Hata hivyo, kuyaweka maji hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Mboga ioshwe kwa maji safi na ipikwe. Bustani isiwe chini ya mteremko wa choo. Anayetaka kupanua shamba hadi ukingoni akumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Jambo jingine ni dawa za wadudu. Huu ni ukanda wa pamba, na dawa ya pamba iliyobaki hushawishi. Isipulizwe kamwe kwenye mboga, na chupa yake isigeuzwe chombo cha kumwagilia.

Wahudumu wa afya wasiahidi kupita kiasi. Madini ya chuma ya mchicha hufyonzwa kidogo mwilini. Ndimu huongeza ufyonzwaji, dagaa huongeza chuma kilicho rahisi kufyonzwa, na chai inayonywewa pamoja na mlo huupunguza. Mjamzito aendelee kumeza vidonge vyake vya chuma na foliki asidi. Mwenye upungufu wa damu aliyewahi kufanya kazi ziwani apimwe choo, kwa sababu sahani ya mboga haitamwondolea kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli.

Wapo pia ambao mboga nyingi yaweza kuwadhuru. Anayetumia warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha majani anachokula, kwa kuwa vitamini K iliyomo huathiri nguvu ya dawa hiyo. Haambiwi aache mboga: ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na amweleze daktari siku bustani inapoanza kuvunwa. Mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu apate kwanza ushauri wa kliniki yake, na kwa kawaida ataelekezwa achemshe majani na kumwaga maji yake.